Mbona Saa Yako Inajishikia Wi-Fi Bila Kukuuliza? Hii Hapa Rada Yote

Chukulia uko job. Simu umeiacha kwa meza inakula chaji, umeshuka ghorofa tatu hadi kantini kutafuta chai na mandazi. Ghafla mkono unatetemeka: mathe ametuma meseji kwa WhatsApp. Bluetooth ya simu haiwezi kupenya sakafu tatu za simiti, na saa yako haina laini. Sasa hiyo meseji imepitia wapi?

Imepitia Wi-Fi ya ofisi. Na kitu inafanya wasee washtuke ni kwamba hujawahi hata siku moja kuandika paswedi ya ofisi kwa hiyo saa. Hata ungetaka, ni nani ako na vidole vidogo vya kuandika "Karibu@2023#Staff" kwa kioo kinatoshana na kifuniko cha soda?

Jibu ni kwamba simu yako ndiyo ilimwaga mtama. Kila Wi-Fi umewahi kuingia na simu, saa nayo imepewa ama inaweza kupewa. Ndio maana kuzima na kuwasha Wi-Fi kwa saa kila siku haisaidii sana. Mambo yote yako kwa ile orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, na orodha hiyo wengi wetu hatujawahi kuiangalia tangu tununue simu.

Kwanza, saa yako iko na Wi-Fi kweli?

Tuanze hapa kwa sababu kuna watu wanajipa stress ya bure. Saa nyingi unazoona kwa mikono ya watu pale CBD hazina Wi-Fi kabisa. Xiaomi Smart Band, saa nyingi za Oraimo, na zile za thao mbili za Luthuli zimeandikwa "Ultra" zikijifanya ni Apple, kazi zao zote zinafanya kwa Bluetooth. Ukiacha simu kejani, saa inabaki kuhesabu hatua na kuonyesha time. Kama yako ni ya hiyo familia, hakuna Wi-Fi imejishika yenyewe. Kuna mtu anakucheza.

Kucheki ni rahisi. Ingia Settings ya saa yenyewe, sio app yake ya simu, utafute mahali pameandikwa Wi-Fi. Kama hapako, haina, hata kama muuzaji aliapa kwa jina la nyanya yake.

Zenye ziko nayo ni Apple Watch zote tangu ile ya kwanza ya 2015, Galaxy Watch za Samsung (Galaxy Fit usiweke hapo), Pixel Watch ya Google, na TicWatch. Garmin kadhaa pia ziko nayo, hasa zile zinaweka mziki, lakini hizo zina adabu: zinafungua Wi-Fi zikiwa na kitu cha kutuma au kushusha, zikimaliza zinafunga. Halafu kuna zile za Kichina za kuweka laini, zenye ni simu nzima ya Android imebanwa kwa mkono. Hizo tutazirudia.

Ni betri, buda

Galaxy Watch4 ndogo, ile ya milimita 40, ina betri ya 247 mAh. Simu ya kawaida sai iko na 5,000 mAh. Piga hesabu: betri ya simu moja ni kama za saa ishirini. Na bado unataka hiyo saa ipime moyo, ihesabu hatua, iwashe kioo kila ukiinua mkono, na ifike jioni ikiwa hai.

Kwa hivyo watengenezaji waliipa saa utaratibu wa kutafuta intaneti, kutoka kwa njia inakula betri kidogo hadi ile inakula sana. Simu ikiwa karibu, saa inaongea nayo kwa Bluetooth na simu ndio inafanya kazi ya kuingia mtandaoni kisha inaipasia saa majibu. Kama mtu anatumana mtoto dukani. Wi-Fi ya saa wakati huo imelala. Simu ikiwa mbali, Bluetooth inakatika (hesabu kama mita 10 hivi ndani ya nyumba, na kuta za mawe zinapunguza zaidi), saa inaamsha Wi-Fi na kuangalia kama kuna jina inajua hapo karibu. Ikipata, inaingia. Kama ni saa ya kuweka laini, inajaribu mtandao wa simu mwisho kabisa.

Mbona isikuulize kwanza? Kwa sababu ile kazi uliinunulia ni kukupa arifa ukiwa huna simu mkononi. Ikianza kukuuliza ruhusa kila ukitoka sitting room kuenda kuanika nguo kwa rooftop, utaiuza kabla mwezi uishe. Hapo naona kampuni zilifikiria vizuri. Kenye sikubaliani nako ni vile wanaficha hiyo orodha mbali, mtu wa kawaida asijue iko.

Kuna sababu ingine. Bluetooth ya kubana matumizi ni pole sana. Google wenyewe wanawaonya watu wa kutengeneza app za Wear OS kwamba spidi yake inaweza kushuka hadi kilobaiti 4 kwa sekunde. Kwa hiyo spidi, wimbo wa MB 4 utachukua zaidi ya dakika 16 kuingia kwa saa. Ndio sababu ukishusha album kwa saa, au app ikitaka kitu kizito, utaona alama ya Wi-Fi imewaka hata kama simu iko mfukoni mwako. Hapo saa haijapotea, imeamua tu kupitia njia ya haraka.

Orodha yenye hujawahi kuisoma

Sasa tuingie kwa nyama yenyewe.

Kwa upande wa Apple, saa inaweza kuingia Wi-Fi yoyote yenye iPhone yako iliwahi kuingia wakati hizo mbili zimeunganishwa kwa Bluetooth. Paswedi inapasiwa kimya kimya. Kwa Samsung, app ya Galaxy Wearable inaweza kupeleka mitandao ya simu kwa saa. Kwa saa zingine za Wear OS unaweza kuongeza mtandao mwenyewe kwa saa, na mara nyingi simu inaisaidia na paswedi wakati wa kuiunganisha mara ya kwanza.

Fikiria basi simu yako imewahi kuingia wapi. Keja yako. Kwa ex, pale Kahawa West. Cyber ulienda kuprint KRA PIN. Airbnb ya Diani ile wikendi ya mbogi nzima. Kwa aunty ocha. Hotspoti ya beste wako wa campo. Hotspoti ya msee ulikaa naye kwa basi ya Kisumu na hata jina lake umesahau. Saa haijui kama mliachana na huyo mtu vibaya. Inajua jina na paswedi, basi.

Hapa kuna mambo matatu yanaweza kukuumiza, na hayalingani uzito.

La kwanza ni data ya wenyewe. Beste akiwasha hotspoti yake na wewe umeacha simu mahali, saa yako inaweza kuingia na kuanza kumla bundles. Arifa pekee ni kitu kidogo. Balaa ni saa ikiwa kwa chaja, maana hapo ndipo inapenda kuvuta apdeti, na apdeti ya mfumo wa saa inaweza kuwa mamia ya MB. Msee amenunua GB moja ya kufanya assignment, inaisha kabla hajafungua hata PDF, na hakuna mtu anajua ni nani alikula.

La pili ni mwenye rauta kujua uko wapi. Hili watu hawaliongelei na kwangu ndilo kubwa. Kila rauta, hata ile ya bei rahisi ya fibre ya nyumbani, ina ukurasa unaonyesha vifaa vyote vimeungana nayo, mara nyingi pamoja na majina yao. Mwenye rauta akiingia hapo anaweza kuona kitu kama "Apple-Watch" au "Galaxy Watch" na jua kabisa ni ya nani, kwa sababu kwa hiyo nyumba ni mtu mmoja tu alikuwa nayo. Sasa chukulia ex wako anakaa Block B, na wewe umeenda kumtembelea cuzo wako Block A. Simu umezima Wi-Fi ukijiona mjanja. Halafu simu ikabaki kwa gari pale parking, au ikaishiwa chaji, na saa ikatafuta njia yake. Imepiga hodi kwa rauta ya ex. Yeye akicheki, anajua uko kwa hiyo compound, na saa ngapi ulifika.

Utaambiwa kuna kitu inaitwa anwani ya siri ya Wi-Fi, ile "Private Wi-Fi Address" Apple waliileta kwa iPhone na kwa saa mwaka wa 2020. Ni kitu poa. Inafanya saa yako itumie namba tofauti ya utambulisho kwa kila mtandao, ndio mwenye mall na mwenye hoteli wasikufuate kwa kulinganisha namba. Lakini kwa mtandao mmoja unaorudi kila mara, usiitegemee ikufiche kwa mtu anakujua tayari, hasa kama jina la saa ndilo linakuuza.

Na hii inahusu pia landlord mwenye amewekea ploti Wi-Fi, na bosi. Kama hutaki HR ajue ulitoka kantini saa ngapi, usiwe na kifaa cha kibinafsi kwa Wi-Fi ya staff. Simu umetoa, fiti, lakini mkono je?

La tatu ni zile Wi-Fi za jina moja. Kifaa kinatambua mtandao kwa jina lake na aina ya ulinzi wake. Kama uliwahi kuingia mtandao wazi, usio na paswedi, unaitwa "Free WiFi", basi kwa simu yako na kwa saa yako, kila mtandao wazi unaitwa "Free WiFi" ni rafiki wa zamani. Mtu akikaa kwa stage na rauta ndogo amebatiza hilo jina, vifaa vinaingia vyenyewe. Usitishike kupita kiasi na zile video za TikTok za "wanaona kila kitu": meseji za WhatsApp zimefungwa kutoka kwako hadi kwa mwenye unamtumia, na app za benki zinafunga njia yake pia. Lakini mwenye mtandao anaweza kuona unaongea na huduma gani, na anaweza kukupa intaneti mbovu akitaka. Mtandao wazi hauna sababu ya kukaa kwa orodha yako baada ya kumaliza nao. Umetumia, umefuta.

"Imeshika lakini haina net"

Kabla tufike kwa vitufe, kuna hii shida yenye inachosha wasee wa Roysambu, Pipeline na Zimmerman zaidi ya zote. Wi-Fi ya ploti, ile ya kulipa mbao ama soo kwa M-Pesa, kisha ukurasa unafunguka unaweka kodi ndio upewe intaneti.

Saa haiwezi hiyo kazi. Haina mahali pa maana pa kufungua huo ukurasa na kuandika kodi. Apple wamesema wazi kwamba saa yao haiingii mitandao ya umma inayohitaji kulogin ama kujiandikisha. Saa zingine zinaweza kushika mtandao, alama ikawaka vizuri, na ndani hakuna kitu. Hapo ndipo unakaa masaa mawili ukidhani hakuna mtu amekutafuta, kumbe kuna missed call tano kwa simu uliyoacha kwa jirani inachaji. Mkahawa, airport, hoteli, stori ni ile ile. Kama uko kwa Wi-Fi ya kodi, itoe kwa saa na ukubali kutembea na simu.

Kuna ingine ya kejani. Rauta nyingi za fibre zinatoa majina mawili, moja la kawaida na lingine limemalizikia na "5G". Hiyo 5G haihusiani na ile ya matangazo ya simu. Inamaanisha masafa ya GHz 5, yenye spidi zaidi lakini hayapendi kuta. Apple Watch za zamani, kuanzia Series 5 kurudi nyuma, zinajua GHz 2.4 peke yake. Series 6 ya 2020 na namba zilizofuata zinajua zote mbili. Kwa hivyo kama simu yako iliingia lile jina la 5G peke yake, saa ya zamani haitawahi kuona Wi-Fi ya kwenu, hata ukikaa juu ya rauta. Dawa: saa ikiwa karibu, ingiza simu kwa lile jina lingine mara moja tu. Itapasia saa paswedi, kisha wewe urudi kwa 5G yako uendelee na Netflix.

Vile unashika usukani

Wenye Apple Watch, kuna mtego hapa. Ukivuta Control Center ya saa na kugusa ile alama ya Wi-Fi, hujazima kitu. Umeikata kwa muda tu. Ukitoka hapo na urudi baadaye, saa itajishikia tena mtandao ule ule kama hakuna kitu kilitendeka. Ndio maana unasikia watu wakisema "nilizima jana na sai imejiwasha yenyewe".

Kuzima kabisa, ingia Settings ya saa, kisha Wi-Fi, uzime swichi ya juu. Kutoa mtandao mmoja, hapo hapo kwa Wi-Fi gusa ule mtandao wenye umeungana nao, uingie kwa maelezo yake, uchague "Forget This Network". Lakini usiishie hapo. Ifute kwa iPhone pia, la sivyo simu bado inaijua na siku moja itaipasia saa tena. Kuanzia iOS 16 kazi ni rahisi: Settings, Wi-Fi, halafu "Edit" pale juu. Simu itaangalia uso ama ikuulize kodi, kisha itakufungulia orodha nzima ya kila Wi-Fi inakumbuka. Kaa chini ukiifungua. Ni kama kusoma diary yako ya miaka mitano. Futa bila huruma, bakisha kejani na pengine job.

Na ukiwa hapo kwa iPhone, jua pia kwamba alama za Bluetooth na Wi-Fi za Control Center ya simu hazizimi kitu moja kwa moja. Bluetooth inakata spika na earphone lakini inaendelea kuongea na Apple Watch. Wi-Fi nayo inaacha ule mtandao, halafu inarudi kujiunga yenyewe ikifika saa kumi na moja asubuhi, au ukienda mahali pengine, au ukirestart simu. Kuzima kabisa ni kupitia Settings.

Kwa Galaxy Watch, ingia Settings, Connections, Wi-Fi. Gusa mtandao wenye hutaki, uifute. Kisha fungua Galaxy Wearable kwa simu upitie settings za saa ukitafuta mahali panataja kusync Wi-Fi na kuunganisha kwa mbali. Majina yanabadilika kidogo kati ya model, kwa hivyo tumia ile sehemu ya kusearch badala ya kuhangaika. Ukizima kuunganisha kwa mbali, kumbuka saa haitapata arifa za simu ikiwa nje ya Bluetooth, hata kama Wi-Fi iko on. Kwa Pixel Watch na Wear OS zingine ni Settings, Connectivity, Wi-Fi, na kufuta ni vile vile.

Zile za Kichina za kuweka laini ni hadithi tofauti. Hiyo ni Android kamili, haingoji simu imwambie kitu. Ulichapa paswedi wewe mwenyewe, na itaingia kila mara inaona hilo jina, simu ikiwa karibu au mbali. Isimamie kama unavyosimamia simu: ifutie mitandao kwa Settings yake, na usikubali kuingiza app yake kwa simu kupitia link ya ajabu imeandikwa kwa karatasi ndani ya boksi. App yenye inataka kusoma SMS zako zote, na wewe M-Pesa iko hapo, inafaa itoke mahali panajulikana kama Play Store.

Uizime kabisa ama uiache?

Maoni yangu: iache on, usafishe orodha. Mtu anatembea na simu mfukoni siku nzima hataona tofauti kubwa ya betri akizima Wi-Fi ya saa, kwa sababu muda mwingi hiyo Wi-Fi imelala, Bluetooth ndio iko kazini. Mwenye ataona tofauti ni yule anaacha simu mbali kwa masaa. Saa inafanya kazi ya kuingia mtandaoni peke yake na betri inashuka kwa mbio. Kama huyo ni wewe na hujali kukosa meseji, kwa mfano uko gym, zima.

Watu wa kazi za mikono, wale wa saluni, jikoni, gereji, wanaifaidi zaidi ya sisi wa kukaa kwa dawati. Simu iko kwa droo imefungiwa, mikono imejaa rangi ama grisi, na customer anapiga. Arifa inafika mkononi kupitia Wi-Fi ya shop. Kwa huyo mtu, kuzima ni kupoteza chapaa. Jambo moja tu kwa wenye Apple: ili SMS za kawaida zifike kwa saa hivyo, iPhone lazima iwe on na iwe na mtandao wake wa simu huko iliko. Ikizima chaji, zile SMS za M-Pesa zinakwama.

Apdeti nazo usiziogope, zipangie. Apple Watch inataka iwe kwa chaja na betri isiwe chini ya asilimia 50 ndio ikubali kuweka apdeti. Kwa hivyo usiku ukiwa kwa fibre ya kejani, iweke hapo imalize. Ukifanya hivyo, haitakuwa na njaa siku utakuwa kwa hotspoti ya mtu.

Ukiibiwa, ukiuza, ukinunua

Saa ikinyakuliwa, kitu cha kwanza watu wengi wanafanya ni kuitoa kwa account yao kwa hasira. Usifanye hivyo. Apple Watch ikipata intaneti, inaweza kuonekana kwa Find My, na ile Activation Lock inamzuia mwizi kuitumia kama yake mradi iko kwa account yako. Weka alama kwamba imepotea, nenda uchukue OB, kisha ubadilishe paswedi ya Wi-Fi ya nyumbani ukipata nafasi. Hiyo ya mwisho ni dakika mbili kwa ukurasa wa rauta na inafunga mlango kwa kifaa chochote cha zamani, pamoja na simu ya yule roommate alihama na deni lako la tokeni.

Ukiuza, usimpe mtu saa ikiwa na maisha yako ndani. Kwa Apple, fungua app ya Watch kwa iPhone, gusa "All Watches", ile alama ya i, kisha "Unpair Apple Watch". Hiyo inafuta saa na kuitoa kwa Activation Lock kwa mpigo mmoja. Kwa Galaxy na zingine za Wear OS, tafuta "Reset" kwa Settings ya saa, ifute yote, kisha uiondoe kwa app ya simu pia.

Na kama ni wewe unanunua ya mkono wa pili, mwambie muuzaji afanye hiyo yote mbele yako kabla M-Pesa haijatoka. Kisha iunganishe na simu yako mkiwa bado hapo, uone imekubali mpaka mwisho. Ikikuuliza email ya mtu mwingine na paswedi yake, na muuzaji aanze stori za "hiyo nitakutumia jioni", mrudishie saa yake na uhepe.